Mama mkwe anataka kurudi kwake Lushoto, wewe unamzuilia nini?

"Shangazi, shikamoo. Mama mkwe ana saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Hospitali ya saratani ya Ocean Road wametuambia matibabu ya kuiondoa yamefika mwisho, wakatupa dawa ya maumivu tukamuuguze nyumbani. Tunaye hapa Tabata. Kila siku anasema arudishwe kwake Lushoto, akafie kwenye nyumba yake. Mume wangu ameshaomba likizo ampeleke. Mimi nimekataa. Kule ni baridi, ile mofini naogopa itamuua, na watu watasema tumemtupa. Isitoshe, wifi yangu anayeishi kule hanipendi tangu harusi. Sasa mume wangu hasemi nami. Nimekosea wapi? – Mama Wawili."

Marahaba mwanangu. Pole, kuuguza kunachosha.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Baridi ipo, watu wapo, wifi yupo. Mgonjwa mwenyewe umemtaja kwa sentensi moja, nayo haina utata: anataka kwake. Mwanamke amezeekea Lushoto, leo wewe wa Tabata ndiye unamwonea huruma ya baridi? Hicho ni kisingizio. Ninavyosoma mimi, kinachokuuma ni kwamba kule wifi atakuwa mwenyeji na wewe mgeni, na mumeo atakuwa mtoto wa mama yake kwanza, mume wako baadaye. Ungesema hivyo tu tungeelewana.

Mumeo hana kosa, na niko upande wake. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Anayempoteza mama ni yeye, na akinyamaza ujue amechoka kukuomba ruhusa.

Ndoa za siku hizi zinanishangaza. Siku ya Mama Duniani status zote ni picha za mama mkwe na maua. Mama huyohuyo akianza kutoa harufu, anatafutiwa wodi, eti "wataalamu wamhudumie." Wataalamu wenyewe ndio waliowaambia mrudi nyumbani! Ukipenda boga, penda na ua lake.

Sasa mofini. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari haimuui, wala haimgeuzi teja. Ile ya maji hupewa kila baada ya saa nne, kwa saa, hata kama maumivu hayajarudi. Mkisubiri alie ndipo mumpe, mtakuwa mnayakimbiza maumivu usiku kucha. Inafunga choo, kwa hiyo asikose dawa ya kulainisha. Harufu nayo ina dawa yake, mwulizeni muuguzi bila haya.

Kabla ya safari, mumeo arudi Ocean Road kwa watu wa tiba shufaa, yaani wanaotuliza maumivu ya mgonjwa asiyepona, wampe barua, na wamwambie ni hospitali gani ya kule yenye mofini, maana si kila zahanati inayo. Hospitali kadhaa za kanisa la Kilutheri, KKKT, zina timu zinazowafuata wagonjwa majumbani. Aulize na hilo. Siku ya kusafiri apewe dozi yake kwa wakati, asije akazipanda zile kona za kutoka Mombo tumbo linamkata. Kama nauli ndiyo inakusumbua, ulizia gharama ya kusafirisha maiti mpaka Lushoto, halafu uje tuongee.

Huko nyumbani, mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Akikataa uji msimlazimishe. Mwili unaoaga hauhitaji chakula, na kumshindilia ni kumpalia. Midomo mlowanishieni kwa kitambaa safi. Na mkubaliane mapema, ukoo mzima: siku pumzi zitakapoanza kukatika na mikono kupoa, hakuna kukodi gari usiku. Wangapi wameomba kufia kitandani kwao, wakafia barabarani kwa sababu shemeji mmoja aliingiwa na woga? Awepo mtu wa kumshika mkono na dawa yake iwepo, basi.

Hao watakaosema mmemtupa, watasema hata akifia Tabata.

Mpigie wifi yako leo, kabla mumeo hajampigia. Usianze na ya harusi. Mwulize kitanda cha mama kitakaa chumba gani, na upungufu wa mashuka ni wa mangapi. Kisha mfungashe watoto mwende wote, wakamuage bibi yao akiwa bado anawatambua. Ukifika usikae sebuleni kama mgeni. Omba beseni na maji ya moto, umwogeshe mkweo wewe mwenyewe. Wifi akinuna, mwache anune.