Kabla ya Kulikubali Jibu la Damu, Uliza Saa

Juzi nilipokea ujumbe wa mama mmoja ambaye binti yake wa miaka 16 amekuwa akianguka tangu mwaka jana. Amepimwa damu, homoni ya prolaktini, ambayo huweza kupanda baada ya mshtuko wa kifafa, imeonekana ya kawaida, na mama ameambiwa kwamba mtoto hana kifafa bali "ana mambo yake", hivyo dawa zisimamishwe. Anauliza kama akubali. Mikono ilinitetemeka nilipousoma, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa miaka sita iliyopita juu ya mdogo wangu, nami nikayakubali.

Siku ile alianguka saa tano asubuhi akianua nguo. Nilimkuta amekakamaa, kisha mwili mzima ukaanza kurukaruka, povu lenye damu likimtoka kwa kuwa alikuwa amejiuma ulimi upande wa kushoto. Mpaka tupate usafiri, tupange foleni, tufungue faili na kulipia maabara, saa nane ilikuwa imeshapita. Jibu la prolaktini lilirudi la kawaida, na tabibu akatueleza mbele ya wagonjwa wengine kwamba binti anatafuta kuhurumiwa. Fenobabitali, dawa ya kifafa aliyokuwa akimeza, ikakatwa siku hiyo hiyo. Siku ya tisa alianguka tena, safari hii kando ya jiko la mkaa, na kovu la mkono wake wa kulia silitazami hata leo bila kuumia.

Daktari wa hospitali nyingine aliiomba kwanza ile fomu ya maabara. Aliishusha kalamu yake hadi kona ya chini, palipoandikwa saa 8:25, akaniuliza mgonjwa alianguka saa ngapi, kisha akaiweka fomu kando bila kuitazama tena namba ya homoni. Alinieleza kwamba vurugu ya umeme wa kifafa huweza kufika haipothalamasi, sehemu ya ubongo ambayo kwa kawaida huizuia pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, isimwage prolaktini nyingi. Kizuizi hicho kikilegea homoni hupanda ndani ya dakika chache, kisha hushuka, na saa tatu baadaye huwezi kutarajia kuikuta juu. Mwongozo wa mwaka 2005 wa chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani unataka damu ichukuliwe kati ya dakika 10 na 20 baada ya tukio, na kiwango kifike angalau mara mbili ya kile cha mgonjwa huyo huyo akiwa ametulia.

Hata damu ikichukuliwa kwa wakati, kati ya watu 100 wenye kifafa cha kukakamaa mwili mzima homoni hupanda kwa takriban 60 tu. Ikipanda, husaidia kukitenga kifafa na mishtuko itokanayo na msongo wa nafsi. Isipopanda, haikifuti kifafa. Kuzimia nako huweza kuipandisha, na kunyonyesha pia, sembuse baadhi ya dawa za kuzuia kutapika. Kwa aliyechelewa kipo kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinesi, ambacho hupanda taratibu na huonekana hata siku ya pili, ingawa sindano ya msuli nayo hukipandisha.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu alianguka tukiwa kwenye benchi la hospitali hiyo ya pili. Niliandika saa 3:12 kwenye kiganja changu kwa kalamu ya muuguzi, na damu ikatolewa kabla ya saa 3:30. Ilipolinganishwa na ya kesho yake, ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Kipimo cha umeme wa ubongo kikakubaliana nayo, akarudishiwa dawa, na ninajivunia kiganja kile.

Ndugu zangu mnaouguza, andikeni saa. Mgonjwa akianguka, mlaze ubavu, tazama saa, na mwenye simu arekodi, kwa maana daktari ataona kama macho yalikuwa wazi au yamefumbwa na kama mikono ilikwenda pamoja. Kipimo cha ubongo kinachofanywa sambamba na kamera ndicho chenye uzito kuliko vyote, lakini hakipatikani kila mahali. Na hata ikibainika si kifafa, msiseme anajifanya. Mishtuko ya nafsi humshika mtu bila hiari yake, nayo ina tiba yake, na kumwaibisha mgonjwa mbele ya watu ni dhuluma.

Mama, usiikate dawa ghafla nyumbani, kwa sababu kuikata hivyo kwenyewe huweza kuleta mshtuko mkali. Iombe ile fomu, utafute saa iliyochukuliwa damu, uandike pembeni saa aliyoanguka mwanao, kisha umrudie daktari nayo.