Kizazi cha Tatu na cha Nne: Nilivyojifunza Kusoma Mistari Migumu ya Biblia

Miaka kumi na mitano iliyopita, nikiwa kijana niliyekabidhiwa kuongoza kipindi cha Biblia katika ushirika mmoja wa vijijini wilayani Rungwe, nilimwambia mama aliyekuwa amezika mtoto wa pili katika muda wa miaka mitatu kwamba ukoo wa mume wake ulikuwa na laana. Sikuyasema hayo kwa ubaya. Nilikuwa nimetoka Mbeya mjini kwenye mkutano wa hadhara, ambako Kutoka 20:5 ilihubiriwa kwa karibu saa mbili, nikarudi Tukuyu na daftari lililojaa maandishi pamoja na uhakika mwingi kuliko umri wangu. Mungu alisema, "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne". Watoto wa mama huyu wamekufa. Basi yuko baba au babu aliyekosa. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, na wepesi huo ndio uliopaswa kunishtua.

Mama yule aliuza ndama ili apate nauli na sadaka ya kwenda kuombewa. Mashemeji zake wakaanza kuulizana laana hiyo iliingia kupitia kwa nani, na kabla mwezi haujaisha macho yalikuwa yamemwelekea mama mkwe wake, mjane mzee aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya migomba. Yeyote aliyekulia Nyanda za Juu Kusini anajua mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kuishia wapi. Mchungaji wetu alikwenda mwenyewe kuketi na ukoo ule siku mbili mfululizo, mambo yakatulia, kisha akaniita mimi.

Hakunigombeza. Alinipa Biblia yake, ile Union Version iliyotoka mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, akaniambia nisome mstari wa tano kwa sauti. Nikasoma. Akaniambia, "Endelea, mwanangu, hapo si mwisho." Ninaandika kwa aibu kwamba sikuwa nimewahi kuutazama mstari wa sita kama sehemu ya sentensi ileile: "nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao, na kuzishika amri zangu." Upande mmoja kuna vizazi vitatu au vinne vya wale wanaomchukia Mungu, na upande wa pili kuna maelfu. Sentensi ile imejengwa ili msikilizaji apime pande hizo mbili na kuona jinsi zisivyolingana, nami nilikuwa nimebeba nusu yake na kuipeleka msibani.

Tangu siku hiyo, kabla sijaufafanulia mtu mstari wowote mgumu, husoma kwanza sentensi yote hadi nukta, halafu sura yote, na ikibidi kitabu chote. Namba za mistari zinatudanganya macho. Musa hakuandika namba wala Paulo hakuandika namba. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551 ili watu wapate kutafuta mahali kwa urahisi. Namba hizo hazikukusudiwa kukata maneno vipande vipande vya kugawiana.

Mchungaji aliendelea kunifundisha andiko hilohilo kwa majuma kadhaa, na sehemu iliyonifungua zaidi ilikuwa ni kuuliza kizazi cha tatu na cha nne ni akina nani hasa. Nilikuwa nimewawazia watu wa mbali, kama minyororo inayoshuka karne hata karne. Lakini Ayubu, katika sura ya mwisho ya kitabu chake, aliishi akaona wanawe na wana wa wanawe hata vizazi vinne, na Yusufu aliona uzao wa Efraimu hata kizazi cha tatu. Kwa maneno mengine, hawa ni wajukuu na vitukuu ambao mzee aliyebarikiwa umri mrefu huwaona wakicheza uani. Ni watu wa kaya moja, wanaokula sufuria moja na kuiga yale wanayoyaona. Baba wa kaya akiabudu sanamu, nyumba yote huabudu. Akiwa mlevi, mnafahamu wenyewe jinsi wajukuu wanavyolipa. Andiko linazungumzia uovu unaoendelea kuishi ndani ya nyumba. Halisemi kwamba babu asiyejulikana jina amemfungia mtoto mchanga hukumu ya kifo.

Tena Biblia yenyewe haikuwaachia watu wa kale walitumie andiko hilo kama nilivyolitumia mimi. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza kabisa watoto kuuawa kwa ajili ya makosa ya baba zao, na Wafalme wa Pili 14:6 inatuonyesha mfalme Amazia akiitii sheria hiyo: aliwaua waliomwua baba yake, akawaacha watoto wao. Baadaye, watu wa Yuda walipokuwa uhamishoni Babeli, walikuwa na mithali yao kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Walikuwa wakisema, kama tunavyosema leo, kwamba shida zetu zimetoka kwa waliotutangulia. Ezekieli sura ya 18 yote ni jibu la mithali hiyo: mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na kila mmoja atahukumiwa kwa njia yake. Na katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa na kuuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, Yesu aliwakatalia yote mawili. Ninashangaa kwamba mahubiri ya laana za ukoo, ambayo kwetu yamekuwa mengi kuliko mvua za Aprili, hupita kando ya sura hizi mbili kana kwamba zimefungwa kwa kamba.

Sisi Wamoravian tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengi. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye desturi ya mafungu ya kila siku, yaani mistari ya Biblia iliyopangwa kwa kila siku ya mwaka, ambayo yalichapwa kwa mara ya kwanza huko Herrnhut, Ujerumani, kwa ajili ya mwaka 1731. Fungu la Agano la Kale huokotwa kwa kura, bila mtu kulichagua, na mtu anaweza kudhani kwamba huo ndio usomaji wa kuokota mstari ninaoulalamikia. Lakini fungu lile haliachwi peke yake. Huchaguliwa fungu la Agano Jipya la kukaa nalo, ili moja lisemezane na jingine. Nimekuwa nikiitumia desturi hiyo kwa mistari migumu: nikikutana na Kutoka 20:5, naiketisha pamoja na Ezekieli 18, nami nakaa kimya kwanza nizisikilize zote mbili.

Jambo la lugha nalo lisidharauliwe. Neno "kupatiliza" si neno tunalolitumia sokoni, na kwa sababu hiyo mhubiri anaweza kulijaza maana yoyote anayoitaka. Kitenzi cha Kiebrania kilichoko hapo hutumika pia katika Mwanzo 50:24, Yusufu anapowaambia ndugu zake kwamba Mungu "atawajia" na kuwapandisha kutoka Misri. Ni neno la mkubwa kuja kuangalia hali ilivyo na kuchukua hatua, iwe ni ya kuadhibu au ya kuokoa. Sikusoma Kiebrania, haya nilielezwa na mchungaji, nami nilihakikisha kwa kulinganisha tafsiri. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo kwa kuweka mezani Union Version, Habari Njema, na tafsiri ya lugha ya nyumbani ikiwepo. Wazee wetu wanaosoma Agano Jipya la Kinyakyusa hunisahihisha mara nyingi, na hapa Mbeya kazi ya kutafsiri Maandiko imefanyika pia katika lugha kama Kisafwa, Kimalila na Kinyiha. Tafsiri zinapopishana, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza.

Mfano wa karibu ni Luka 14:26, ambapo Yesu anasema mtu asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Ninamfahamu kijana aliyeacha kwenda kumsalimia baba yake kwa miaka miwili kwa ajili ya mstari huo, kwa sababu mzee alikuwa bado anashiriki matambiko. Nilimwonyesha Mathayo 10:37, ambako neno hilohilo limesemwa kwa namna ya kupenda baba au mama kuliko Yesu, kisha Mwanzo 29, ambako Yakobo anampenda Raheli kuliko Lea, na mstari unaofuata katika Kiebrania unasema Lea alichukiwa. Ni namna yao ya kusema nani anatangulia. Hakukubali siku ile, lakini Krismasi alikwenda nyumbani.

Kuhusu yule bibi wa nyuma ya migomba, nina neno la ziada, kwa kuwa mmoja wa mashemeji alikuwa ameanza kunukuu Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Mstari huo umenukuliwa vibaya katika nchi nyingi, na wanawake wengi wamekufa kwa ajili yake. Anayeutaja lazima autaje pamoja na sheria alizopewa taifa lilelile: hukumu ya kifo ilihitaji mashahidi wawili au watatu, na kwa Kumbukumbu la Torati 19:19, shahidi wa uongo alitendewa yale aliyokusudia kumtendea ndugu yake. Zaidi ya hayo, sura ya 18 ya kitabu hicho inamkataza mtu atazamaye bao. Basi anayekwenda kwenye ramli chonganishi kutafutiwa jina la "mchawi" ndiye aliyevunja sheria ya Musa kabla hata hajamnyoshea mtu kidole, na sheria za nchi yetu zinamngoja pia. Hapa sina subira ya majadiliano marefu.

Vivyo hivyo kwa wale wanaosoma Yakobo 5:14 na kuacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Katika mikoa yetu, ambako karibu kila ukoo umezika mtu kwa ugonjwa huo, usomaji mbaya wa andiko hilo huua. Yakobo anasema wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Hakusema mgonjwa aache tiba. Nabii Isaya aliposikia kwamba Mungu atamponya Hezekia, aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu, na ahadi ile ikatimia pamoja na dawa. Omba, na ukameze dawa zako saa ileile uliyopangiwa kliniki.

Ipo mistari ambayo njia hizi zote huifikisha mahali fulani tu, kisha inabaki pale. Zaburi ya 137 inaanza kando ya mito ya Babeli, kwa machozi ambayo kila mtu anayaelewa, na inaishia kwa kumwita heri atakayewaseta watoto wachanga wa Babeli juu ya mwamba. Nimejaribu kueleza kwamba ni sala ya watu walioona watoto wao wenyewe wakitendewa hivyo, kwamba kumwambia Mungu ghadhabu yako si sawa na kuchukua panga, na kwamba zaburi haituamuru kufanya lolote. Ninaamini maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, nilipomaliza kuyatoa mbele ya kina mama wa ushirika, mama yuleyule niliyemkosea miaka ile, ambaye nilimwendea baadaye na kumwomba radhi, aliniuliza kwa upole, "Na mama wa hao watoto wa Babeli, baba, yeye aliimba zaburi gani?" Nilimjibu kwamba sijui. Jibu hilo lilinigharimu miaka mingi kulipata, kwa sababu kiongozi wa kipindi huona aibu kulitoa, na mara nyingi ni aibu hiyo inayomfanya abuni laana mahali ambapo andiko limenyamaza.

Kipindi chetu cha Alhamisi kimefika Waamuzi 11, habari ya Yeftha, aliyeweka nadhiri iliyokuja kumwangukia binti yake. Nimewaomba wote wasome kuanzia sura ya 10, waangalie ni nani aliyemtaka Yeftha aweke nadhiri ile, na waje na Walawi 27, inayoeleza jinsi mtu aliyewekewa nadhiri alivyoweza kukombolewa kwa fedha. Mimi mwenyewe nimeisoma mara nne juma hili, na bado sijaamua nitaanzia wapi.