Bundi darasani, na maswali mengine ya wanaofundisha mtandaoni

Mwalimu, niko Kakamega, nafundisha ufugaji wa kuku mtandaoni. Kipindi ni Jumamosi asubuhi. Wanafunzi wangu wa Kisii hawaingii hata mmoja. Ni dharau?

Ni Sabato, ndugu yangu. Kisii kuna Wasabato wengi, na siku yao huanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jioni. Tena Jumamosi ndiyo siku ya mazishi huku Nyanza. Hamishia Jumanne usiku, na saa uiandike kamili: saa 2 usiku Kakamega ni saa 1 usiku Goma. Mimi niliwahi kutangaza "saa 8" nikimaanisha asubuhi. Nusu ya darasa ikaingia mchana, nami niko sokoni.

Kila somo langu lina picha ya bundi, alama ya hekima. Mama mmoja wa Siaya amesema hafungui tena. (Nakuru)

Hata mimi nisingefungua. Bundi mwenye hekima ni wa Wagiriki wa kale, ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima. Huku akilia juu ya paa, watu hulala macho wakingoja habari mbaya. Mtoe leo.

Nikiuliza swali kipindini, vijana wawili wanajibu; wazee ni "sawa mwalimu" tu. Hawaelewi?

Huenda wanaelewa kukushinda. Lakini kumsahihisha mwalimu mbele za watu ni kumvunjia heshima, na mzee hataki kukosea mbele ya watoto. Ukitoa alama kwa wanaoongea tu, unawaadhibu wengine kwa adabu yao. Tuma swali siku moja kabla. Pokea majibu ya sauti, faraghani, hata kwa Dholuo kama una wa kukutafsiria. Na swali lenyewe libadilishe: acha "mmeelewa?", uliza "kwenu kideri, ule ugonjwa wa kuku, huingia miezi gani, na mlifanyaje kabla ya chanjo?" Mzee mmoja aliyenyamaza wiki 3 alinitumia sauti ya dakika 11. Ilibidi niandike somo upya.

Basi nitengeneze kozi ya kila kabila?

Hapana. Mholanzi Geert Hofstede, aliyepima tamaduni kwa hojaji za wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, aliziweka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia kapu moja. Mfugaji wa Bondo si karani wa IBM, na hata wafugaji wawili wa Bondo hawafanani. Kabla ya somo la kwanza waulize: siku gani huwezi, unatumia simu gani, tukuite nani? Hilo la mwisho usilipuuze. Nina mwanafunzi ambaye hakuwa akiitika kwa jina lake la ubatizo. Tulipoanza kumwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego kwa Dholuo, sasa hanyamazi.