Fimbo ya mchawi inayowaka: anza na sponji, taa zitafuata

Wanaoniuliza kuhusu fimbo yangu huanzia kwenye taa: ni za aina gani, zinabadilikaje rangi, nilizipata wapi. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Taa ni kazi ya jioni moja. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba mwenzako akipigwa na fimbo hiyo gizani, katikati ya vurugu, hakutani na kitu kigumu hata kimoja.

Kwa wasioujua mchezo huu wa LARP, ni maigizo yasiyo na jukwaa wala watazamaji. Kila aliyekuja ni mhusika, mnalala kambini siku kadhaa, na vita hupiganwa kwa silaha za sponji. Hapa Ujerumani ninakoishi, kila Agosti maelfu ya watu hukusanyika Brokeloh, kijiji cha Niedersachsen, kwa ajili hiyo. Kabla ya mapambano silaha hukaguliwa. Mkaguzi anaikunja, anabonyeza ncha kwa dole gumba, anajipiga nayo. Akihisi kiini, yaani mti au bomba gumu la ndani, silaha hairuhusiwi vitani, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kiini changu ni bomba jembamba la faibaglasi, na nyaya hupita ndani yake. Mpini wa fagio usiufikirie kabisa: haupindi, na ukivunjika unatoa ncha kali. Bomba la PVC nalo hukakamaa kwenye baridi na kupasuka. Faibaglasi ikate huku ukiilowesha maji, umevaa barakoa na glovu, kwa sababu vumbi lake linawasha na halifai kabisa mapafuni. Kila ncha ivishe kofia ya ngozi nene na uigandishe vizuri, ili bomba lisitoboe sponji kutokea ndani.

Sponji ya mwili wa fimbo ni EVA, ile ile ya soli za ndala. Gundi ni ile ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri hadi ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukiharakisha, itaachia. Na fungua madirisha.

Sasa kichwa, yaani lile “jiwe” linalowaka. Hapa ndipo watu wanaponiudhi, maana wanaweka mpira wa plastiki au kioo, eti kwa sababu unang'aa vizuri. Tafadhali usifanye hivyo. Jiwe langu nimelichonga kwa sponji nyeupe ya kufungashia vyombo vya umeme, inayopitisha mwanga. Bomba linaishia chini ya jiwe. Ukanda wa taa nimeuzungusha kwenye bomba lenyewe, ndani kabisa, na haupandi juu ya mwisho wake. Mwanga unapanda wenyewe ndani ya sponji, kwa hiyo sehemu ya juu, ile inayoweza kumfikia mtu usoni kwa bahati mbaya, ni sponji tupu.

Betri zikae kwenye mshikio, katikati ya fimbo, mahali usipopigia mtu, nazo uzifunike kwa sponji na ngozi. Natumia betri nne za kuchaji za NiMH, saizi ya AA. Kila moja ni volti 1.2, zote 4.8, na zinatosha kwa taa za volti 5. Betri za lithiamu sizitii kwenye kitu kinachogongwagongwa. Zikibonyea au nyaya zikigusana zinaweza kushika moto. Weka pia fyuzi ya ampea 1, karibu na betri iwezekanavyo.

Taa moja ya ukanda huo, aina ya WS2812B inayobadilika rangi, ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula kama miliampea 60. Ukiwa nazo 20, hiyo ni ampea 1.2: fyuzi inaweza kukatika, na hata isipokatika betri hazitamaliza usiku. Mimi hushusha mwanga hadi asilimia 20 kwenye programu inayoendesha taa. Porini, pasipo taa za barabarani, huo ni mwingi. Mwanga mkali humpofusha unayepigana naye, naye asipoona pigo linatoka wapi hawezi kujikinga. Halafu epuka kumwekamweka. Mwanga unaowaka na kuzimika zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kuwaletea watu wengine kifafa. Wangu unapanda na kufifia taratibu, na kwa macho yangu unaonekana wa kichawi zaidi.

Nyaya ziwe zile za nyuzi nyingi ndani, si za uzi mmoja mgumu. Mara nyingi waya hukatika pale risasi ya kuchomea nyaya inapoishia, kwa kuwa hapo ugumu unakutana na ulaini. Ziba kila kiungo kwa gundi ya moto, na acha waya ulegee kidogo ili fimbo ikipinda usivutike.

Mwisho paka lateksi, yaani utomvu wa mpira, tabaka nyembamba moja baada ya nyingine. Ikikauka inakuwa na rangi ya asali, hivyo kwenye jiwe paka kidogo sana, la sivyo mwanga wa buluu utafifia. Waulize wenzako kama kuna anayedhurika na lateksi.

Baada ya kila pambano bonyeza ncha zote mbili, kwa sababu sponji huchanika ndani bila kuonekana nje. Ukirudi nyumbani toa betri, ipake fimbo poda isinate, na uilaze. Ukiiegemeza ukutani hadi msimu ujao, itapinda.