Swali la lugha: mchoro, nakshi au chapa?

SWALI: Natafsiri maelezo ya picha za makumbusho. Moja ni ya Mskoti James McBey, ya mwaka 1919: askari waliopanda ngamia wanaondoka alfajiri kwenda doria jangwani. Ilichorwa kwenye bamba kwa sindano na tindikali, ndipo ikatolewa karatasini. Niiite mchoro, nakshi au mchongo?

JIBU: Mchongo uache kabisa. Msomaji wa Dar es Salaam atakuuliza unalipa kiasi gani. Nakshi nayo ina kwao, kwenye milango ya Lamu na Unguja. Ngamia wa McBey hawapambi kitu.

Mchoro si kosa. Kamusi za karne ya 19 zinaeleza kuchora kuwa ni kutia alama kwa kukata, na ndiyo kazi ya sindano hapa. Tatizo ni kwamba leo ukisema mchoro, mtu anaona karatasi moja iliyopitiwa kalamu, na hapa kalamu haikugusa karatasi. Bamba, aghalabu la shaba, hupakwa nta. Msanii hukwaruza nta kwa sindano, kisha bamba hutoswa kwenye tindikali. Penye nta haipenyi. Palipokwaruzwa inakula shaba kama kutu inavyokula bati. Nta huondolewa, wino ukapakwa na kufutwa hadi ubaki mifereji tu, halafu karatasi yenye unyevu hulazwa juu na kubanwa kwa rola. Picha hutoka imegeuka, kulia kushoto. Na bamba moja hutoa karatasi nyingi, ndiyo maana makumbusho zaidi ya moja yana alfajiri hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi naandika chapa ya tindikali (Kenya wengi watapenda asidi, sina ugomvi). Chapa peke yake itakuletea nembo ya biashara au alama ya moto kwenye paja la ng'ombe, basi mara ya kwanza andika picha ya chapa ya tindikali. Kitenzi kiwe imepigwa chapa. Imechapishwa inanuka kitabu. Imechapwa, kwa tuliosoma enzi zile, ni viboko.

Kibandiko chako basi:

James McBey, Alfajiri: Doria ya Ngamia Yaondoka, 1919. Picha ya chapa ya tindikali kwenye karatasi.