Nataka PhD ng'ambo, nianzie wapi?

SWALI: Asalaam aleikum. Mi ni kijana wa Lamu, nina masta ya sayansi ya bahari, nilifanya utafiti wa mikoko. Nishatuma imeili kama 40 kwa maprofesa wa Ulaya, barua ile ile, walojibu ni wawili na wote wamekataa. Nakosea wapi, na ada ntatoa wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Kosa umelitaja mwenyewe, barua ile ile! Profesa akisoma mstari wa kwanza ashajua imeenda kwa watu wengi, anafuta. Chagua watano sita tu, soma makala zao za karibuni, kisha mwambie kila mmoja mikoko ya Lamu inaingia wapi kwenye kazi yake, na hapo una mtaji maana sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko huko kwenu, mwenzako wa Bremen, Ujerumani, anaiona kwa picha.

Ada isikutishe. Ujerumani nafasi nyingi za PhD ni ajira, unasaini mkataba unalipwa mshahara, kwa hiyo tafuta kama mtu anotafuta kazi. Anzia ZMT, kituo cha utafiti hapo Bremen, wao ni bahari za tropiki, halafu tovuti ya EURAXESS, inatangaza nafasi za Ulaya nzima bure. Zile nafasi za Marie Skłodowska-Curie, zinazolipiwa na Umoja wa Ulaya, zataka usiwe umeishi nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita, we hujatoka Lamu so hapo umepita. Wakala akikuomba pesa akutafutie nafasi, mkimbie.

Na msimamizi wako wa masta mwambie mapema, barua ya kukupendekeza iloandikwa usiku wa dedilaini hujulikana tu.