Kadi ina dola 60, mbona pampu inakataa mafuta ya dola 20?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miezi minne hapa Houston, Texas, nafanya kazi kwenye ghala. Akaunti ya benki bado sina, kwa hiyo nilinunua kwenye supamaketi kadi ya Visa ya kujaza hela, na ndiyo ninayotumia kwa kila kitu: chakula, nauli, mafuta. Juzi kadi ilikuwa na dola 60. Niliichomeka kwenye pampu niweke mafuta ya dola 20, ikakataa. Nikaenda sheli nyingine, ikakubali, nikaweka ya dola 20, lakini nilipoangalia salio nikakuta dola 10 tu. Je, nimeibiwa? Na je, kadi hii inafaa kweli kwa matumizi ya kila siku?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hujaibiwa. Dola zako 30 zimeshikwa tu, na huenda unaposoma hapa zimesharudi. Fungua programu ya kadi uangalie orodha ya miamala.

Sisi tuliokulia kwenye M-Pesa tumezoea kwamba ukishaweka namba ya siri, hela imetoka kwako imeingia kwake, ujumbe unalia, biashara imekwisha. Kadi haiendi hivyo. Kadi inakwenda kwa hatua mbili. Kwanza duka linamuuliza aliyetoa kadi: huyu anazo? Akijibu ndiyo, kiasi kilichoulizwa kinashikwa. Wewe hukigusi tena, na duka nalo bado halijakipata. Baadaye, pengine jioni, pengine kesho kutwa, duka linapeleka hesabu halisi, na hapo ndipo hela zinapotoka. Ukinunua mchele hesabu hizo mbili ni sawa, ndiyo maana hujawahi kuona tofauti.

Pampu inaomba kadi kabla hujaweka hata tone moja la mafuta. Haijui utachukua ya dola 10 au utajaza tangi. Kwa hiyo inataja kiasi chake yenyewe. Kuna vituo vinavyoomba dola 1 tu, vingine 50, vingine 100, na Visa na Mastercard wanaruhusu hadi dola 175. Ile sheli ya kwanza iliomba kuzidi dola zako 60, ikajibiwa hapana. Ya pili inaelekea iliomba 50, ikapata, na wewe ukabaki na 10 za kutumia ingawa mafuta uliyoweka ni ya 20.

Nilikaa miaka saba kwenye dawati la kadi, na simu hizi ndizo zilizokuwa zikiniuma zaidi. Mama mmoja alinipigia akiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Asubuhi alikuwa ameweka mafuta ya dola 22.47. Kwenye kioo changu mstari wake ulisoma: inasubiri, 100.00. Dawa ya mtoto ilikuwa dola 31, hela zilikuwa zake, zipo, na hakuweza kuzitumia. Siku ya tatu mstari ule ukabadilika kuwa 22.47. Kwa mwenye akaunti nono, dola 78 kushikwa siku mbili si kitu, hata hajui. Kwa anayeishi na kadi ya kujaza, hizo ndizo hela za wiki.

Dawa yake ni rahisi: usichomeke kadi kwenye pampu. Ingia ndani, mpe keshia kadi, mwambie dola 20, pampu namba 6. Atakata 20 kamili. Jaribu tu kutaja kiasi ambacho tangi litakimeza chote, maana tofauti ikibaki, kurudishwa kwake nako kunaweza kuchukua siku.

Ukishalielewa hilo, mengine yanajieleza. Mgahawani wanaweza kuuliza bili pamoja na asilimia 20 juu, wakitegemea utaacha bakshishi, hivyo bili ya dola 18 kwenye kadi yenye 20 inaweza kukataliwa. Hoteli inashika dhamana hadi utoke. Kampuni nyingi za kukodisha magari hazikupi ufunguo kwa kadi ya namna hii hata ukiwa na hela za kutosha, kwa hiyo uliza kabla hujafunga safari. Na supamaketi, bidhaa zikiwa za dola 34 na kadi ina 31, usirudishe kitu kwenye rafu. Mwambie keshia mapema akate 31 kwenye kadi, zilizobaki umpe taslimu. Lazima ujue salio lako kwa usahihi, maana kwenye baadhi ya mashine ukitaja hata senti moja zaidi, yote inakataliwa.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: usitupe kadi iliyokwisha hela. Ukirudisha kiatu dukani, fedha kwa kawaida zinarudi kwenye kadi ileile uliyolipia.

Sasa makato, na hapa nataka uchukue kalamu. Hii si umeme wa LUKU, kwamba uniti ulizojaza zote ni zako hadi ziishe. Tuseme kadi yako inakata dola 8 kwa mwezi, kujaza taslimu kwa keshia ni dola 4 na unajaza mara mbili, kutoa ATM ni dola 3 na unatoa mara mbili. Hizo ni dola 22 kwa mwezi, 264 kwa mwaka. Tangu tarehe 1 Aprili 2019, kanuni za Marekani zinamtaka mtoa kadi aoneshe makato makuu kwenye jedwali fupi: ada ya mwezi, ada ya kila manunuzi, ya kutoa ATM, ya kujaza taslimu, hata ya kuangalia salio ATM na ya kuacha kadi bila kuitumia. Kama paketi bado unayo, lisome leo.

Halafu punguza. Mwombe mwajiri mshahara uingie moja kwa moja kwenye kadi. Kujaza kwa njia hiyo kwa kawaida ni bure, na baadhi ya kadi hufuta na ada ya mwezi. Ukitaka taslimu, lipia kitu supamaketi kwa namba ya siri kisha umwombe keshia akuongezee dola 20 mkononi. Maduka mengi hayatozi kitu kwa hilo.

Je, umesajili kadi kwa jina lako? Kama bado, fanya hivyo kabla hujajaza tena. Kadi iliyosajiliwa na kuthibitishwa ina kinga: ikiibiwa nawe ukatoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa inaweza kufika 500, na ukiacha miezi ikapita unaweza kupoteza zaidi. Kwa kadi isiyosajiliwa unaweza kunyimwa kinga hiyo. Na yeyote atakayekupigia akijiita ofisa wa kodi au wa uhamiaji, akataka ununue kadi na umsomee namba za nyuma, ni mwizi. Kata simu.

Kwa swali lako la mwisho: inafaa kwa chakula, nauli na manunuzi ya mtandaoni, na inafaa hasa kwa kuwa huwezi kutumia usichonacho. Lakini haikujengei historia ya mkopo. Wageni wengi wanadhani kwa sababu imeandikwa Visa, basi Equifax na wenzake, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, wanaona jinsi unavyolipa. Hawaoni. Ukitaka hilo kuna kadi ya mkopo ya dhamana, unaweka kwa mfano dola 200 benki, unapewa kikomo cha 200, unanunua kidogo na kulipa kila mwezi.

Ningekuwa wewe, mwezi huu ningeulizia akaunti yenye alama ya Bank On. Zipo kwenye benki na vyama vya akiba na mikopo nchi nzima, ada ya mwezi kwa kawaida haizidi dola 5, kufungua ni dola 25 au chini, na hakuna faini ya kupitiliza salio. Nenda na pasipoti, karatasi za uhamiaji na barua yoyote yenye jina lako na anwani ya Houston. Tawi moja likikukatalia kwa sababu ya kitambulisho, jaribu benki nyingine, maana kila moja ina orodha yake ya vitambulisho inavyovipokea.